Laptop ya Marehemu na TV ya Mwenyekiti wa Ukoo

Nilianza kuteseka mwaka 1979, nikiwa na miaka kumi na miwili. Baba alikuwa koplo katika kambi ya jeshi ya Jinja. Asubuhi moja alifunga buti, akamwambia mama asichemshe maharage mengi, akapanda lori. Hakurudi, na hakuna aliyetuambia ameishia wapi. Kabla ya mwezi kwisha tulitolewa kwenye nyumba ya kambi, tukateremka Masese, kando ya ziwa, mama akapara samaki wa watu na mimi nikapara pembeni yake. Shule niliiachia darasa la tatu. Nayasema mapema ili asije mtu akadhani kuna chuo kilichonifundisha nitakayoyasema hapa. Hakuna. Kiswahili nilikiokota kambini, na kusoma nilijifunzia kwenye maboksi ya betri.

Nawaandikia nyinyi vijana mnaofungua vibanda vya ufundi Jinja na Mbale, mnaoning'iniza waya mlangoni kama soseji na kuandika "Dokta wa Laptop". Mimi sikuwahi kujiita dokta. Niliitwa Fundi Akello, na miaka arobaini nimetengeneza vitu vinavyosema na vinavyoonyesha: redio, kaseti, televisheni zenye mgongo mkubwa, deki, projekta, na mwishoni hizi laptop zenu. Nimestaafu kwa sababu ya macho. Akili bado ipo kazini.

Aliyenifundisha ni Mzee Hamisi, fundi redio wa Mbale, Mwislamu mmoja mpole wa sauti na mkali wa mkono. Nilikuwa nampelekea samaki wa kukaushwa kutoka Masese. Siku moja, nikisubiri anilipe, nikamwuliza kwa nini redio iliyo mezani kwake inalia upande mmoja tu. Akaniangalia.

"We binti, umeuliza. Watu huja hapa miaka na miaka, hawaulizi. Keti."

Nikaketi. Niliketi miaka tisa.

Sheria yake ya kwanza ilikuwa kwamba bisibisi inakuja mwisho. Ukiigusa kabla hujamwuliza mwenye mali maswali matatu, anakupiga vidole kwa mpini wake. Ilifanya kazi lini mara ya mwisho? Ilikuwa imewekwa wapi? Ni nini kimebadilika tangu hapo? Basi. Hayo matatu yametengeneza vitu vingi kuliko solda yangu yote.

Kuna mama mmoja alileta redio mara nne. Kwetu dukani inaimba, kwake nyumbani inakoroma. Mara ya nne Mzee Hamisi akaniambia, "Kitu kikigoma, nenda kaone kinapolala." Nikamfuata yule mama kwa miguu. Redio inalala juu ya sanduku la bati, imebanwa kati ya ukuta na kabati la chuma. Nikaisogeza dirishani. Ikaimba. Mama yule akakasirika, akasema mimi ni mchawi, maana mafundi hawatengenezi kwa kusogeza. Nilirudi Mbale nikicheka peke yangu njia nzima.

Mnadhani nilikumbuka somo hilo siku zote? Ngoja niwaeleze aibu yangu, maana fundi asiye na aibu ya kusimulia ni mwongo.

Zilipoingia laptop na projekta, niliitwa shule moja Jinja. Laptop ya mwalimu haionyeshi ukutani. Mimi, kwa kiburi cha kuitwa kutoka Mbale kote huko, sikuuliza hata swali moja. Nikaifungua. Nikaipasua kama sato, skrubu kumi na moja kwenye kisosi, walimu wamenizunguka. Sikuona kosa. Nikairudisha, skrubu zikaingia kumi. Ya kumi na moja mpaka leo sijui iko wapi. Nikawasha, ukuta mtupu. Nikasema, kwa sauti ya kitaalamu, "Bodi imeungua."

Askari wa lango alikuwa amesimama mlangoni na rungu lake. Akasema, "Afande mama, naomba rimoti." Akaielekeza juu kwenye projekta, akabonyeza kitufe kimoja mara mbili. Picha ikajaa ukutani.

"Jumamosi wanatuwekea mpira hapa," akasema. "Lazima mtu atoe kwenye mpira, airudishe kwenye kompyuta."

Projekta ina milango mingi, nyinyi mnajua, na ilikuwa inasubiri mgeni kwenye mlango mwingine. Walimu walicheka mpaka kengele ikapigwa. Nilimnunulia yule askari soda. Tangu siku hiyo, naanzia upande wa kioo kikubwa na kurudi nyuma kuelekea laptop. Ninyi wengi mnaanzia kwenye laptop kwa sababu ndiyo iko karibu na mkono.

Sasa niwaambie habari ya Buwenge. Nilikuwa nimekwisha kustaafu. Siku hiyo ndiyo nilielewa ufundi wangu ni wa nini.

Jirani yangu wa zamani pale Mbale anaitwa Nambozo, Mgisu wa mlimani. Mumewe Isaya alikuwa Msoga wa Buwenge, polisi, karani wa kituo. Walikutana kazini, wakaishi kwa Kiswahili miaka yao yote, kwa sababu kila mmoja alikataa kujifunza lugha ya mwenzake. Isaya alipostaafu walijenga Buwenge, kwenye ardhi ya baba yake. Akafa. Mdogo wake, Tenywa, akasema kaka hakumwachia mke kitu, ardhi ni ya ukoo, mwanamke arudi mlimani kwao.

Nambozo akasema kuna video. Isaya, alipoona ugonjwa umemzidi, alitembea mpakani mwa shamba huku mkewe akimpiga picha kwa simu, akaonyesha sehemu ya mke. Na Tenywa alikuwepo siku hiyo. Tenywa akaapa mbele ya ukoo kwamba hakuwepo, alikuwa mbali, mjini Kamuli. Simu ile iliibwa sokoni, lakini Isaya, karani huyo, alikuwa amekwisha kuihamishia video kwenye laptop yake.

Sasa sikilizeni wazee walivyofanya. Tenywa alisema mjane atapeleka laptop mjini, ikatiwe uongo. Wazee wakaona ana haki ya kuogopa. Wakaichukua kama wanavyochukua mbuzi wa kesi: ikae kwa mwenyekiti wa ukoo, isiguswe, mpaka siku ya kuhitimisha matanga. Wakaitia kwenye gunia, wakashona mdomo, wakaiweka ghalani. Na juu ya gunia lile, miezi sita, wakapanga mahindi.

Siku ya matanga ilipofika walishonoa gunia mbele ya watu wote, wakaiwasha. Kioo cheusi. Fundi simu wa Buwenge akaitwa, akasema imekufa. Nambozo akanipigia: "Dada Akello, njoo. Chakula kiko motoni."

Maneno hayo ya chakula lazima niyaeleze. Katika ukoo ule, siku ya kuhitimisha, maneno ya ardhi yanasemwa kabla ya kula. Chakula kikishaliwa, yaliyosemwa yamefungwa na yasiyosemwa yamezikwa. Hakuna kurudi wiki ijayo na ushahidi. Ndugu zangu, mimi nilitoka Mbale saa ile ile, nikabadili gari Jinja, nikafika Buwenge ndizi zikiwa zimefungwa kwenye majani na mvuke unapanda.

Uwanjani kulikuwa na turubai, watu kama themanini. Kwenye baraza ya mwenyekiti, meza. Juu ya meza laptop ya Isaya na TV ya mwenyekiti, imevikwa kitambaa cheupe cha kufumwa kwa sindano ya mkono, chenye maua na matundu, kizuri ajabu, kimefunika kichwa na mgongo wote, kimeshuka mpaka mezani. Waya wa HDMI ulikuwa umekwisha kuchomekwa. TV inasema hakuna mawimbi.

"Huyu ndiye fundi?" Tenywa akauliza. Mzee mrefu, koti la kahawia lenye kiraka kwenye kiwiko. "Mnatuletea bibi?"

"Bibi ndiyo," nikasema. "Bibi yako alikufa lini, nikusalimie kwa niaba yake?"

Wanawake wakacheka. Mwenyekiti akainua fimbo. "Fundi, sheria ni hizi. Mashine haitoki barazani. Hakuna kunakili kwenye kitu kingine. Hakuna kuifungua tumbo. Tutazame kilichomo kama kilivyo."

Mnaona? Najua mngependa kuitoa video kwa flashi na kuchomeka kwenye TV. Na mimi ningependa. Sikuruhusiwa. Na kusema kweli moyo wangu uliruka. Kazi isiyo na bisibisi! Kama vile Mzee Hamisi amefufuka kunipima.

Nikauliza maswali. Mwisho ilifanya kazi lini? Kabla ya gunia. Ililala wapi? Chini ya mahindi. Magunia mangapi? Mwenyekiti akakohoa. "Manne," akasema. "Labda matano."

Nikatega sikio. Feni inazunguka. Taa ya kibodi inajibu nikibonyeza. Basi haijafa, imefumba macho. Nikaomba leso, nikajifunika kichwa pamoja na kioo cha laptop kama mtu anayejifukiza, nikawasha tochi ya simu na kuilaza pembeni, karibu kabisa na kioo. Hili lishikeni: taa ya nyuma ya kioo ikifa, picha bado ipo, ila iko gizani. Ukiimulika kwa mshazari unaiona, hafifu kama maandishi ya penseli yaliyofutwa. Nikakiona kisanduku cha neno la siri.

"Iko hai!" nikapiga kelele ndani ya leso.

"Nani yuko hai?" mwanamke mmoja akashtuka. "Isaya?"

Nambozo akaniandikia neno la siri. Nikaingia, nikiona kipande kimoja kimoja ukubwa wa kiganja, nikaitafuta video, nikaipata. Nikabonyeza. Na sauti ya Isaya ikatoka kwenye spika ndogo za laptop.

"Mimi Isaya, akili yangu ni timamu. Kutoka hapa mpaka pale, ni ya Nambozo. Kutoka pale kushuka chini, ni ya ndugu zangu."

Nambozo akafunika uso. Lakini Tenywa akasimama.

"Hapa wapi? Pale wapi? Hapa ni jikoni kwake? Pale ni chooni? Wazee, mmesikia mpaka wowote?"

Na alikuwa na haki! Hiyo ndiyo ilinichoma. Sauti bila picha ilikuwa inampa Tenywa shamba lote. Mwenyekiti akageuka kwangu. "Fundi, tunahitaji kuona mkono wake."

Kutoka nyuma ya nyumba mpishi akapaza sauti: "Wazee, chakula kimeiva! Tupakue?"

"Ngojeni kidogo," akasema mwenyekiti. Kidogo, akasema. Nilimsikia.

Nikaanza upande wa kioo kikubwa. Nikaomba rimoti. TV ilikuwa inasubiri kwenye mlango wa kwanza. Nikaangalia nyuma, kwa kupapasa chini ya kitambaa, waya uko mlango wa pili. Nikahama mlango wa pili. Hakuna mawimbi. Sawa, askari wa Jinja hakuwa na la kunisaidia tena.

Nikachomoa waya, nikatoa wangu kwenye mkoba, ule ninaoujua kama kidole changu. Nikachomeka. Hakuna mawimbi. Nikazima zote mbili, nikachomoa na umeme, nikashikilia kitufe cha kuwashia cha laptop mpaka nikahesabu thelathini ili umeme uliobaki tumboni uishe, nikawasha TV kwanza, laptop baadaye. Hakuna mawimbi.

"Bibi anahesabu," Tenywa akasema. "Akifika mia ataamka Isaya."

"Nikifika mia utakaa chini," nikamjibu.

Nikarudi ndani ya leso, nikaandika tena neno la siri. Kitufe chenye alama ya dirisha pamoja na herufi P: hapo laptop inakuuliza picha iende wapi. Nikachagua ionyeshe kote kuwili. Sasa tazameni kwa makini huyo laptop alichonijibu: alisema hana kioo kingine. Hakusema amekataa kuonyesha. Alisema haoni mtu wa kumwonyesha. Hizo ni habari mbili tofauti kabisa, na fundi asiyezitenganisha atazunguka mpaka kesho. Laptop ilikuwa haijui kama kuna TV duniani. Waya mzima, mlango sahihi, na bado hawajasalimiana. Basi mahali fulani mkono haujafika kwenye mkono.

Nikatoka kwenye leso, nikaacha macho, nikatumia kidole. Upande wa laptop, kichwa cha waya kimezama, chuma hakigusiki. Nikapitisha kidole nyuma ya TV. Chuma kimebaki nje, unene wa ukucha tu. Nikasukuma. Kikaingia kidogo, kikanirudishia mkono, laini, kama unasukuma godoro.

Chuma hakirudishi mkono hivyo. Nini kiko humo ndani? Nawaambia, wakati ule sikukumbuka ardhi, wala Nambozo, wala ndizi. Nilitaka kujua tu.

Nikashika kile kitambaa kukiinua.

"Usikivue!" Mke wa mwenyekiti huyo, kaja mbio na kijiko cha mchuzi mkononi. "Nyabo, usiivue TV mbele ya watu! Nimekifuma mwenyewe, tangu nilipoolewa kila TV yetu imekivaa."

"Mama, waya ulipita wapi?"

"Kwenye matundu ya kitambaa. Asubuhi nilichomeka mwenyewe, nikaupitisha katikati ya ua moja, ili kitambaa kisitoke."

Nikacheka kwa nguvu mpaka mwenyekiti akadhani nimekata tamaa. Alichomeka kupitia kitambaa! Kichwa cha waya kimesukuma nyuzi mpaka ndani ya tundu, na mimi, nikipapasa chini bila kukivua, nikasukuma waya wangu juu ya nyuzi zile zile. Nyinyi msicheke. Nyumba ngapi mnazozijua ambazo TV inakaa uchi?

"Nipe sindano yako," nikamwambia, "ile ile uliyokifumia."

Akanitazama, akaingia ndani, akaileta. Ile yenye ndoano nchani. Nikazima umeme, nikainamisha TV, nikaingiza ndoano polepole. Uzi ukatoka. Mweupe, umejikunja, mrefu kama kidole cha shahada. Nikavuta tena, wa pili. Nikapuliza. Nikachomeka waya, ukaingia na kutoa ule mlio mdogo, ki!, ambao kwangu ni mtamu kuliko kwaya.

Nikawasha. Nikaingia ndani ya leso, dirisha na P, kote kuwili, nikabonyeza video tena. Nikasikia uwanja mzima unavuta pumzi kabla mimi mwenyewe sijatoa kichwa.

Isaya alikuwa pale, amekonda, fimbo mkononi, anatembea kwenye nyasi. "Kutoka hapa," akasema, na fimbo ikagonga mzizi wa mfenesi ambao kila mtu pale anaujua. Akatembea, simu ikamfuata ikitikisika. "Mpaka pale." Fimbo ikaonyesha kichuguu kilicho juu ya kisima. Na mbele yake kulikuwa na mtu anafyeka njia kwa panga. Mtu huyo akainama, akachimba shimo dogo, akapanda mche wa mulamula, ule mmea wa mpakani, akaushindilia kwa kisigino. Kisha akageuka kufuta jasho.

Koti la kahawia. Kiraka kwenye kiwiko.

Watu wakaitazama TV, wakamtazama Tenywa, wakaitazama TV tena. Bibi mmoja kizee aliyeketi kwenye mkeka ndiye aliyeanza. "Banange," akasema, "Kamuli imesogea karibu siku hizi."

Tenywa akavua lile koti, akalikunja mapajani, sijui kwa nini, kama vile lingemsaidia. "Nilikuwa nimesahau," akasema.

"Umesahau wewe," akasema mwenyekiti. "Mche haujasahau. Nendeni watatu mkautazame, na mrudi kabla ndizi hazijapoa."

Wakaenda. Walirudi na jani moja la mulamula, pana, la kijani, wakaliweka mezani mbele ya Nambozo. Mwenyekiti akagonga fimbo mara tatu, akasema maneno ya ardhi yamekwisha, chakula kiliwe. Tenywa naye alikula. Alipakuliwa sawa na wengine, Nambozo mwenyewe alimpelekea nyama. Mimi nisingempelekea, lakini mimi sikuolewa pale.

Vijana, waya mnao, na video za kujifunzia mnazo kwenye simu. Mimi nawaomba kitu kimoja: mashine ikikwambia jambo, lisikilize lilivyosema, usilisikilize unavyotaka wewe. Na muwe na hamu ya kujua nini kiko ndani ya tundu hata kama mwenye tundu amewakasirikia.

Leo ninavyo hivi. Nyumba ya matofali ya vyumba vinne Mbale, niliyoijenga bila mwanaume. Kibanda cha kazi katika Mbale Industrial Division, nilichompangisha fundi anayejua kuuliza. Kaburi la mama, limesakafiwa. Watoto watatu, wote wamesoma kunipita, mmoja ananipita hata kwa ubishi. Mashine ya solda. Jicho moja zima na lingine la kusaidia. Mbuzi jike mweusi, aliyeletwa na Nambozo kutoka shamba lake. Ana mimba.